Karatasi ya kipimo cha kuganda kwa damu: namba zake zina maana gani kwako?

Umetoka maabara na karatasi mkononi. Juu yake pana herufi kama PT, INR, APTT au PLT, na mbele ya kila moja pana namba. Daktari ana foleni ndefu, amekuambia "endelea na dawa" au "rudi baada ya wiki mbili", nawe umefika nyumbani bila kujua kama namba hizo ni nzuri au mbaya.

Makala hii inakueleza namna ya kuisoma karatasi hiyo. Inawahusu hasa watu wanaomeza dawa ya kuzuia damu kuganda, kama walfarini, kwa sababu ya vali ya moyo iliyobadilishwa, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au bonge la damu mguuni au kwenye mapafu. Inawafaa pia jamaa wanaowatunza. Iwe unaishi katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale, Kyaka II au Kyangwali, au wewe ni mwenyeji wa kijiji cha jirani, kipimo ni kilekile na hatari ni zilezile.

Tunakuomba ukumbuke jambo moja kuliko yote: namba ya kuganda kwa damu haiwi nzuri au mbaya peke yake. Inalinganishwa na lengo ambalo daktari amekuwekea wewe. Namba iliyo sawa kwa jirani yako inaweza kuwa ya hatari kwako.

Damu huganda vipi?

Ukijikata na kisu, mwili hufanya mambo mawili. Kwanza, chembe ndogo sana zilizo ndani ya damu hukimbilia penye jeraha na kuliziba. Hizi huitwa chembe sahani. Pili, protini za kugandisha huamshana moja baada ya nyingine mpaka ufanyike utando unaoshika damu isitoke tena. Nyingi ya protini hizo hutengenezwa na ini, na baadhi yake haziwezi kufanya kazi bila vitamini K, ambayo tunaipata hasa kwenye mboga za majani.

Kuganda huku ndiko kunakookoa maisha mtu akiumia au mama akijifungua. Lakini damu ikiganda ndani ya mshipa pasipo na jeraha, bonge linaweza kuziba njia. Likiziba mguuni, mguu huvimba. Likifika kwenye mapafu, mtu hukosa pumzi. Likifika kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi. Dawa za kuzuia damu kuganda hupunguza kasi ya kazi hiyo bila kuiondoa kabisa. Kipimo kinaonyesha kama kasi imepunguzwa kiasi kinachotakiwa.

Herufi zilizo kwenye karatasi

PLT ni idadi ya chembe sahani. Kwa mtu mzima kiwango cha kawaida ni kati ya 150 na 400 hivi. Malaria hupunguza idadi hii mara nyingi, na kwa kawaida hupanda tena mgonjwa akitibiwa.

PT ni muda, kwa sekunde, ambao damu yako ilichukua kuganda maabara baada ya kuwekewa dawa maalumu. Kwa mtu asiyemeza dawa, huwa kati ya sekunde 11 na 14 hivi, lakini kila maabara ina kiwango chake. Ndiyo maana karatasi huwa na safu ya "kiwango cha kawaida" pembeni. Soma safu hiyo kwanza.

INR ni hesabu inayotokana na PT. Dawa za maabara hutofautiana, hivyo sekunde za hospitali moja huwezi kuzilinganisha na za hospitali nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilikubali hesabu moja ya kutumiwa kila mahali, na hiyo ndiyo INR. Ukipimwa Mbarara leo na Kampala mwezi ujao, INR zako mbili zinaweza kulinganishwa. Kwa mtu asiyemeza walfarini, INR huwa karibu na 1.

APTT ni kipimo kingine cha muda. Hutumika hasa kwa wagonjwa wanaopewa heparini hospitalini, na kwa kuchunguza magonjwa ya kurithi ya kutoka damu.

Kama ulipimwa Kongo au Burundi

Hapa watu wengi huchanganyikiwa. Katika nchi zinazotumia Kifaransa hospitalini, karatasi nyingi hazina PT ya sekunde. Zina TP, nayo huandikwa kwa asilimia. Kiwango cha kawaida cha TP ni kati ya asilimia 70 na 100.

TP na INR huenda kinyume. Damu inapochelewa zaidi kuganda, INR hupanda, lakini TP hushuka. Mtu aliyezoea TP anaweza kuona INR imepanda kutoka 1.5 hadi 2.5 akadhani damu yake sasa inaganda zaidi, kumbe inaganda polepole zaidi. Usijaribu kubadilisha moja kuwa nyingine mwenyewe. Mpe mhudumu karatasi zote mbili na umwombe INR. Vivyo hivyo, TCA ya karatasi ya Kifaransa ndiyo APTT ya huku.

Dawa nazo hutofautiana. Huenda kule ulimeza Sintrom na huku ukapewa walfarini. Zote mbili huzuia kazi ya vitamini K na zote hupimwa kwa INR, lakini miligramu zake hazilingani. Usimeze zote pamoja, na usihamishe dozi ya moja kwenda kwa nyingine. Mwonyeshe mfamasia pakiti uliyokuja nayo, hata ikiwa tupu.

Lengo langu ni namba ngapi?

Kwa watu wengi wanaomeza walfarini, lengo la INR ni kati ya 2 na 3. Hao ni pamoja na waliopata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, na wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Kwa wengi waliowekewa vali ya chuma kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, lengo huwa juu kidogo, kati ya 2.5 na 3.5. Daktari anaweza kukuwekea lengo tofauti kwa sababu zako.

Chukua mfano wa watu wawili waliopata INR ya 2.2 siku moja. Wa kwanza ni mzee aliyepata bonge mguuni, na lengo lake ni 2 hadi 3. Yuko sawa. Wa pili ni mama mwenye vali ya chuma, na lengo lake ni 2.5 hadi 3.5. Yuko chini, na bonge linaweza kuanza kujijenga kwenye vali. Namba ni moja, lakini majibu ni mawili.

Kwa hiyo usiondoke kliniki bila kuuliza: "Lengo langu ni kutoka ngapi hadi ngapi?" Jibu hilo liandikwe kwenye daftari lako la matibabu.

Namba ikiwa chini ya lengo

Maana yake damu bado inaganda haraka kuliko inavyotakiwa. Hutasikia maumivu wala dalili yoyote, na hiyo ndiyo hatari yake. Sababu za kawaida ni kukosa dozi, dawa kuisha kabla ya siku ya kliniki, kuanza dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini, au kula mboga za majani nyingi kuliko ulivyozoea.

Sema ukweli ukiulizwa kama ulikosa dozi. Mhudumu akidhani ulimeza kila siku, ataongeza dozi isiyohitaji kuongezwa. Wiki ijayo utameza zote, na namba itapanda kupita kiasi.

Namba ikiwa juu ya lengo

Maana yake damu inachelewa sana kuganda, na unaweza kutoka damu kwa urahisi. INR ikipita 4.5 au 5, hatari hiyo huongezeka. Sababu za kawaida ni kumeza dozi mara mbili kwa kusahau, kuharisha au kutokula kwa siku kadhaa, pombe nyingi, na dawa nyingine ulizoandikiwa, hasa Septrini, Flajili na flukonazoli.

Usiogope namba peke yake. Kama hutoki damu, mara nyingi daktari atakuambia uruke dozi moja au mbili kisha upimwe tena. Uamuzi huo ni wake. Usiache dawa kwa wiki nzima kwa sababu uliona namba kubwa, maana damu itarudi kuganda haraka na bonge linaweza kufanyika.

Jua pia kwamba walfarini hufanya kazi polepole. INR ya leo inaonyesha zaidi dozi za siku mbili au tatu zilizopita kuliko kidonge cha jana usiku. Ndiyo maana mtu anayeanza dawa hupimwa mara kwa mara, na aliyetulia hupimwa kila baada ya wiki nne hivi au zaidi.

Namba isiyoeleweka

Kama umemeza dawa vizuri, hujabadilisha chakula, hujaugua, na namba imetoka ya kushangaza, omba kwa heshima kipimo kirudiwe. Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha buluu, na lazima ijazwe hadi mstari. Kikijazwa nusu, matokeo huonyesha kwamba damu inachelewa kuganda kuliko ilivyo kweli. Damu ikikaa muda mrefu mno njiani kutoka kituo kidogo hadi hospitali, matokeo pia yanaweza kuharibika. Mtaalamu wa maabara anayajua haya, na swali lako si dharau kwake.

Mboga, mgao na mvua

Wengi wameambiwa waache mboga za majani. Si lazima kuziacha. Sombe, lengalenga au dodo, matembele na sukuma wiki zina vitamini K nyingi, lakini pia ni chakula bora, na kwa familia nyingi ndicho kitoweo cha kila siku. Kinachotakiwa ni kula kiasi kinachokaribiana kila wiki.

Maisha ya makazini hayana uthabiti huo kila mara. Mvua ikinyesha, bustani hujaa mboga. Kiangazi kikija, mboga hupotea sokoni. Mgao wa chakula au wa pesa ukipunguzwa, mlo hubadilika. Mabadiliko kama hayo yanaweza kushusha au kupandisha INR. Huwezi kuizuia mvua, lakini unaweza kumwambia mhudumu: "Mwezi huu tumekula mboga kila siku," au "Wiki mbili hizi tumekula ugali na maharage tu." Maneno hayo humsaidia kuielewa namba yako.

Anayefunga Ramadhani aongee na mhudumu kabla ya mwezi kuanza. Walfarini humezwa mara moja kwa siku, na wengi huimeza jioni, kwa hiyo mara nyingi inawezekana kuimeza baada ya kufuturu, saa ileile kila siku.

Dawa na sindano za kuuliza kwanza

Ukienda kituo cha afya au duka la dawa kwa ugonjwa wowote, anza kwa kusema: "Ninameza dawa ya kuzuia damu kuganda." Sema hivyo hata kama umekwenda kwa ajili ya jino au mafua.

Usinunue aspirini, ibuprofeni au diklofenaki bila kuuliza. Zinaongeza hatari ya kutoka damu tumboni, hata kama INR yako iko sawa. Kwa maumivu madogo au homa, parasetamoli kwa kipimo cha kawaida na kwa siku chache huwa salama zaidi. Homa ikiendelea, pima malaria.

Sindano ya kwenye msuli inaweza kuvujisha damu ndani na kuleta uvimbe wenye maumivu. Mwambie muuguzi kabla hajachoma. Dawa za miti shamba nazo zitaje. Hakuna atakayekukemea, lakini baadhi yake hubadilisha kazi ya walfarini.

Usiitambue dawa kwa rangi. Kidonge cha miligramu 5 cha kiwanda kimoja kinaweza kuwa cha waridi, na cha kiwanda kingine kikawa na rangi tofauti. Soma miligramu kwenye pakiti kila unapopewa dawa mpya. Kama husomi, mwombe mfamasia akuonyeshe na kukuhesabia vidonge.

Ukisahau dozi na ukakumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na dozi ya kesho tu. Usimeze mbili kwa pamoja.

"Kwa nini tunapewa dawa ya zamani?"

Huenda umesikia kwamba kuna dawa mpya zisizohitaji kupimwa INR, kama rivaroksabani na apiksabani, na ukajiuliza kama walfarini ni dawa wanayopewa maskini. Dawa mpya zipo na zinawafaa wagonjwa wengi. Lakini mwenye vali ya chuma hapewi hizo, kwa sababu hazimlindi vya kutosha.

Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na ya Kati, kwa watu zaidi ya 4,500 wenye mapigo yasiyo na mpangilio yaliyotokana na ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi, yaani ule unaoanza na maambukizi ya koo utotoni. Wale waliotumia dawa za kundi la walfarini walikufa wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Kwa ugonjwa huo, dawa ya zamani ndiyo iliyoonekana bora. Na kama wewe unameza moja ya dawa mpya, fahamu kwamba INR haipimi kazi yake.

Mama mjamzito

Walfarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Kama unaimeza na ungependa kupata mtoto, ongea na daktari kabla ya kushika mimba. Kama hedhi imechelewa, nenda ukapime mimba siku hiyohiyo au kesho yake, usisubiri tarehe ya kliniki. Lakini usiache dawa kimyakimya, kwa sababu vali inaweza kuziba na kukuua wewe pamoja na mtoto. Daktari anaweza kukubadilishia sindano za heparini kwa muda. Ukishajifungua, unaweza kunyonyesha huku ukimeza walfarini.

Kama humezi dawa yoyote na INR iko juu

Hapo namba inauliza swali jingine. Ini linaweza kuwa limeathiriwa na homa ya ini au pombe, mwili unaweza kuwa na maambukizi makali, au vitamini K ni pungufu. Usipuuze, rudi kwa daktari na karatasi hiyo.

Watoto wachanga huzaliwa na vitamini K kidogo sana, ndiyo maana hupewa sindano yake baada ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa nyumbani au njiani apelekwe kituoni mapema aipate.

Aliyeumwa na nyoka naye hupimwa kuganda kwa damu, na kipimo chake hakihitaji mashine. Damu kidogo huwekwa kwenye kichupa safi na kikavu cha kioo, huachwa dakika 20 bila kuguswa, kisha kichupa huinamishwa. Damu ikimwagika kama maji, sumu imeharibu uwezo wake wa kuganda na mgonjwa anahitaji dawa ya sumu ya nyoka. Kwa hiyo ukiona muuguzi ameweka kichupa mezani na anasubiri, usidhani amekupuuza. Anapima.

Nenda hospitali mara moja ukiona haya

Dalili za kutoka damu: damu ya pua au fizi isiyokoma baada ya dakika 10 za kubana, choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, hedhi nzito kuliko kawaida, maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla. Ukigonga kichwa, kama kwa kuanguka na bodaboda, nenda hata kama hakuna jeraha nje.

Dalili za bonge: mguu mmoja kuvimba na kuuma; kukosa pumzi au maumivu ya kifua ghafla; uso kupinda, mkono kulegea au maneno kutotoka sawasawa. Mwenye vali ya chuma aliyezoea kusikia mlio wake, akiona mlio umefifia au umepotea, aende pia.

Dalili hizi ni za dharura hata kama INR ya juzi ilikuwa nzuri. Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chenu akusaidie kupata usafiri.

Karatasi zisafiri nawe

Wengi wetu tunahama: kutoka makazi moja kwenda mengine, kwenda mjini kutafuta kazi, au kwenda nchi ya tatu. Mgonjwa akifika kituo kipya bila karatasi, huenda akaanzishiwa dozi kama mtu mpya. Weka daftari na karatasi za INR kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho chako cha ukimbizi au cha taifa. Zipige picha kwa simu, na mtu mmoja wa nyumbani awe na nakala. Kabla ya safari, hakikisha dawa zinatosha mpaka kliniki ya kwanza huko uendako.

Na kama karatasi zitapotea, yawepo mambo manne unayoyajua kwa kichwa: kwa nini unameza dawa hii, lengo lako la INR, namba yako ya mwisho na tarehe yake, na miligramu unazomeza kila siku. Mfundishe mwenzi wako au mtoto mkubwa ayajue pia. Siku ambayo wewe huwezi kusema, atasema yeye.